Mama Njoroge Alipokuja Ukumbini Kaloleni

Enzi zetu pale Kaloleni, mchezo wa kuigiza ulikuwa kazi ya mtaa mzima, na sisi watazamaji tulitoka jasho kuliko waigizaji. Jumamosi baada ya chakula cha mchana ukumbi ulijaa hadi madirishani. Watoto tulikaa sakafuni, kwenye ile rangi nyekundu ya kung'arishia sakafu iliyotupaka magoti na kutuponza nyumbani. Mama zetu walikaa kwenye mabenchi nyuma yetu, watoto mgongoni, njugu kwenye karatasi zilizokunjwa. Wewe uliyekuwepo unajua kwamba hakuna aliyekuja kunyamaza. Mwizi akijificha nyuma ya pazia, ukumbi mzima ulimwonyesha kwa vidole. Msichana akidanganywa na mwanamume mwenye tai, akina mama walimwambia papo hapo kwamba huyo ana mke, wamemwona naye. Mwigizaji mzuri alijua kungoja kelele zipungue ndipo aendelee. Asiyejua kazi alianza kubishana nasi, na mara nyingi tulimshinda.

Tukitoka nje tuliendelea vilevile. Jamaa mmoja aliyeigiza polisi mla rushwa alinyimwa salamu wiki nzima, na alikuwa fundi viatu mpole asiyeweza hata kudai malipo yake.

Sasa dada yangu Mwende, kifungua mimba wa nyumba yetu, alipewa kuigiza mke anayemnyima mama mkwe wake chakula. Ilikuwa nafasi ya kula mayai peke yake huku bibi kizee analia njaa, kufunika sufuria kwa kishindo, na kumtolea bibi wa watu maneno yasiyosemeka. Mwende aliifanya vizuri kupita kiasi. Jumatatu yake mama muuza mboga alikataa kumuuzia sukuma wiki. "Mtu ananyima mama ya wenyewe chakula, mimi nimuuzie mboga?" Alijua sana ni mchezo, kwani yeye mwenyewe alikuwa amelipa kiingilio. Ikabidi niwe natumwa mimi.

Hayo tungeyacheka tu, lakini Mwende alikuwa amechumbiwa. Mchumba wake Njoroge alikuwa dereva, na mama yake aliuza vitambaa soko la Kariobangi. Mama huyo alikuwa hajamwona dada yangu, na alikuwa ameshasema wazi kwamba wazee wa kwao hawatakuja kwetu kuzungumza mahari kabla hajamtazama huyo msichana kwa macho yake. Naye Njoroge, kwa mapenzi yake na ujinga wake, akaona hakuna pahali pazuri pa kumtazama kama jukwaani. Akamwambia mama yake kwamba Mwende ndiye nyota wa mchezo. Hakumwambia ni mchezo gani.

Habari zilipofika nyumbani, baba aliweka kikombe chini. Alikuwa karani wa reli, mtu wa mpango, na hakupenda mambo yaende yenyewe. "Mwambie kiongozi wenu akupatie ile nafasi ya jirani," alisema. "Yule jirani anasema maneno mawili, na yote ni mazuri." Mama aliunga mkono, jambo ambalo halikutokea kila siku. Alisema sisi ni Wakamba, wale ni Wakikuyu, tayari kuna watu wanaotafuta sababu ya kuivunja posa, na Mwende anataka kuwapelekea sababu imepikwa imeiva.

Mwende alikuwa akipiga pasi. Hakuinua kichwa. "Baba, nikiibadilisha kwa sababu yeye anakuja, nitakuwa naigiza kwake mpaka nizeeke." Baba akamwambia kwamba posa ikivunjika asije akalia kwake. Mwende akasema hatalia. Nilikuwa mdogo lakini nilijua anampenda Njoroge vibaya sana, na nililala nikiwa na hofu kwa niaba yake.

Jumamosi ilifika. Mama Njoroge aliketi benchi la mbele, kitambaa cha kichwani kimefungwa vizuri, kikapu chake cha kiondo kwenye mapaja. Pazia lilipofunguliwa nilimwona Mwende akimwona. Alisita kidogo, kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi. Kisha akakibamiza kile kifuniko cha sufuria kwa nguvu kuliko siku zote.

Ukumbi ukalipuka. Alilaaniwa kwa Kikamba, Kikuyu, Kijaluo na Kiluhya. Mama Njoroge peke yake ndiye aliyenyamaza. Mwanamke aliyekaa kando yake, asijue anaongea na nani, alimgusa bega na kumwambia, "Umeona wasichana wa siku hizi? Mtoto wako akikuletea kitu kama hii utafanya nini?"

Hapo Mama Njoroge akasimama. Mimi nilidhani anaondoka, na nafikiri baba pia alidhani hivyo, maana nilimwona akifumba macho. Lakini mama wa watu alitembea hadi ukingo wa jukwaa, akaweka kiondo chake juu ya mbao, na kusema kwa sauti ya kawaida tu, "Msichana, huyo mama ana njaa."

Ukumbi ulinyamaza, jambo ambalo sijaliona tena pale. Mwende angeweza kufunua sufuria. Kila mtu aliyejua habari zetu alikuwa akimwombea afunue. Alimtazama mama mkwe wake mtarajiwa usoni, akachukua yai jingine, na kulimenya polepole.

"Basi angoje," akasema.

Kelele zilizofuata zilisikika hadi mtaa wa pili, Makongeni. Mama Njoroge alichukua kiondo chake, akarudi kuketi, na kutazama mchezo hadi mwisho.

Jioni ile hatukuwasha hata redio. Mama alikuwa jikoni, baba akijifanya anasoma gazeti, Mwende ameketi kitandani bado na rangi ya uigizaji usoni. Hodi ikabishwa. Njoroge aliingia kwanza, amekunja shingo, na mama yake nyuma yake. Mama yetu alikimbilia birika.

"Chai sitaki," Mama Njoroge akasema, akiketi. "Nimekasirika mpaka nikasikia njaa. Nataka chakula, na nataka huyu anipakulie."

Kulikuwa na muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, na maharagwe. Mwende alipakua hadi sahani ikajaa. Mama Njoroge alikula kila kitu huku sote tumesimama kama tunapigwa picha. Akamrudishia sahani na kumwambia aongeze. Aliposhiba ndipo alipomtazama. "Nilitaka kukuchapa. Mbele ya watu wote wale, nilitaka kweli." Halafu akacheka hadi akashika mbavu, na kumgeukia baba. "Wazee wangu wanaweza kuja lini?"

Leo vijana wetu wa mtaa wa Pipeline hutazama michezo kwenye simu, kila mtu kitandani kwake na vijiti vya kusikilizia masikioni. Huandika kwamba wamekufa kwa kicheko, huku uso umekauka kama mkate wa juzi. Mwaka huu Wambui, mjukuu wa Mwende, alitununulia tiketi tukaenda ukumbi mkubwa mjini. Viti ni laini, taa zikizimwa humwoni hata jirani yako. Jukwaani kijana mmoja alikuwa akiuza shamba la mama yake huku mama yuko hospitalini, na aliufanya ule ubaya kwa ustadi hata nikasikia uchungu kifuani. Watu wote kimya. Niliwakumbuka wale mama wa mabenchi, karibu wote wameshakwenda, na nikawatamani sana.

Mwende alianza kujigeuzageuza kitini. Ni mjane sasa, magoti hayamsaidii, lakini alishika kiti cha mbele akainuka. "Wewe kijana! Mama yako bado anapumua!"

Wambui alijifunika uso, akimsihi bibi yake anyamaze. "Shosho, zii! Huku watu hawaongei!"

"Nyinyi nyamazeni mkitaka," Mwende akamjibu. "Huyu kijana amefanya kazi, anastahili kujibiwa."

Yule kijana aligeuka, akaitafuta sauti ile gizani. "Na wewe nani amekuuliza?" alimjibu, bado yuko ndani ya mchezo, na huko nyuma mama mwingine wa rika letu akaanza kumkaripia. Baada ya hapo aliigiza kama mtu aliyeongezewa damu.

Mchezo ulipokwisha alitukimbilia mlangoni, poda bado usoni, akauliza ni nani kati yetu aliyepiga kelele. Nilifikiri anataka kugomba.

"Ni mimi," Mwende akasema. "Na sijakusamehe."

Kijana aliushika mkono wake kwa mikono yote miwili, na macho yakamjaa machozi. Alisema wameuigiza mchezo ule tangu Januari, na hakuna mtu aliyewahi kumkasirikia. Mwende alimwambia atarudi Jumamosi kumkasirikia tena, na ataleta watu wa Kaloleni.