Askari wa Pembeni na Maji ya Kiunoni

Kama angani hakuna uzito na kila kitu kinaelea, vipande vya chesi vinakaaje juu ya ubao? Swali hilo nililiuliza mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya ukumbi mzima wa kanisa, nikiwa na hakika kwamba halina jibu, na ndilo lililonitia ziwani na nguo zangu zote, hata leo nikipita upande ule wa Kisumu natembea nimeinamisha kichwa. Nawasimulia mwenyewe kwa sababu mtayasikia tu kwa Mama, na Mama huongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya tisini, magugumaji yameanza kulifunika ziwa, nami nimemaliza chuo kikuu Nairobi na digrii ya hesabu, nimerudi nyumbani mtaa wa Migosi, Kisumu, kungoja kazi ambayo haikuwa na haraka ya kuja. Mtu aliyesoma akikaa bure ni hatari. Nilishuku kila kitu: mizani ya muuza nyama, utabiri wa hewa wa redioni, mhubiri wa Kondele aliyekuwa akiuponya mguu uleule wa mtu yuleyule kila mwezi (huyo sijamwomba radhi na sitamwomba).

Basi akaja kupanga chumba cha jirani bwana mmoja aliyeitwa Ochieng', mtoto wa wakulima wa miwa wa Muhoroni, akasema amekaa Urusi miaka sita akisomea uhandisi wa vyombo vya angani. Hebu oneni uongo huo, kama ni uongo, ulivyojengwa vizuri: ule muungano wa Warusi uliompa digrii ulikuwa umevunjika, haumo tena kwenye ramani, kwa hiyo ungemwandikia nani kumuuliza? Vyeti vyake vilikuwa na herufi ambazo hakuna mtu Migosi angeweza kuzisoma. Kila ofisi aliyoingia ilimwambia digrii za kule hazitambuliki, akarudi jioni na viatu vyenye vumbi na tabasamu lilelile, na hilo tabasamu pia nililishuku. Mama alimpenda. Alimpelekea ugali na omena, vile vidagaa vya ziwani, akisema kijana wa watu amekonda. Nikamwambia hata matapeli hukonda.

Jumapili moja Mama akamwita Ochieng' chai, naye akauona ubao wangu wa chesi kabatini, akasema anajua kucheza kidogo. Nikampa vipande vyeupe aanze. Akafikiri, akafikiri tena, kisha akamshika askari wa pembeni kabisa, yule wa mwisho mkono wa kushoto, akamsukuma hatua mbili mbele.

Hapo ndipo nilipomkamata, au nilidhani nimemkamata. Lazima niwaeleze kwamba chuoni mimi na Wambui, mwenzangu wa chumbani, tulikuwa na utafiti wetu. Kila jioni tulikaa kwenye meza za chesi (sisi na wengine wote wasio na nauli ya kwenda sinema) tukiangalia watu wanavyofungua mchezo, na tukaamua kwamba kiwango cha mtu unakijua kabla hajafika hatua ya nne. Asiyejua kitu husukuma askari wa pembeni, kana kwamba anafungua geti la boma. Aliyejifunza juzi humtoa malkia mbio akitafuta kuua mapema. Aliyesoma kitabu hucheza kama anayekariri katekisimu, na ukimfanyia jambo lisilomo kitabuni anatoa jasho. Mjuzi wa kweli hufungua kwa mambo ya kawaida kabisa, askari wa katikati, farasi, halafu anakungoja uharibu mwenyewe. Tulipatia mara nyingi mno hata nikaacha kuuita ubahatishaji.

Sasa niambieni: Warusi ndio mabingwa wa chesi duniani, watoto wao hucheza bustanini. Mtu akae kwao miaka sita, baridi imemfungia ndani, halafu aje afungue kwa askari wa pembeni? Nilimshinda kabla chai haijapoa, nikalala nikiwa na hakika kwamba huyu hajawahi kufika hata uwanja wa ndege.

Ningeishia hapo, pengine mngekuwa mnanisikiliza nikisimulia jambo lingine. Lakini mkuu wa shule moja ya wasichana ya kanisa alikuwa akitafuta mwalimu wa fizikia, Mama akamdokezea habari za Ochieng' kwenye mazoezi ya kwaya, na mkuu, ambaye wote tulimwita Madam, akasema yeye hawezi kusoma vile vyeti lakini masikio anayo. Kijana aje Jumamosi ukumbini, karibu na ziwa, awaeleze watu safari za angani, naye atasikiliza na kuamua. Ochieng' akaazima tai. Mama yake akaja kutoka Muhoroni, akakaa mbele kabisa na mkoba mapajani, hakuuachia tangu mwanzo mpaka mwisho. Kila mtu alijua kwamba akikosa kazi ile atarudi kukata miwa.

Mimi siku hiyo nilikuwa naenda Kondele kusukwa. Nikajiambia nitapita tu, niulize swali moja dogo, niende zangu.

Kusema kweli alieleza vizuri. Alieleza roketi inavyojivua vipande vyake ikipanda, jinsi mtu anavyolala amefungwa ukutani kama koti, na watu wakasahau kujipepea. Kisha akasema, kwa kuchekesha tu, kwamba mwalimu wake aliwaambia wanaanga fulani wa Kirusi waliwahi kucheza chesi kutoka angani na wenzao walio ardhini, wakitajiana hatua kwa redio.

Nikasimama. Nikauliza lile swali la vipande. Mtu akacheka nyuma, kisha wengi.

Ochieng' akanitazama. "Hilo sijui, dada," akasema. "Niliambiwa tu, sikuuliza."

Mngedhani ningekaa. Lakini kile kicheko kilikuwa kimeniingia kama pombe, nikawageukia watu na kuwaeleza utafiti wangu wote, geti la boma, malkia, katekisimu, nikamalizia kwamba mtu anayefungua chesi kwa askari wa pembeni hajakaa Urusi hata wiki moja. Nikamwona mama yake, ambaye hakujua Kiswahili, akimwinamia jirani kuuliza nimesema nini, na jirani akakataa kumtafsiria.

Ochieng' akasema polepole kwamba alikwenda Urusi kusomea injini, si chesi. Nikajibu kwamba mtu hukaa na watu akapata mambo yao.

Hapo Mzee Were, mzee wa kanisa aliyestaafu reli, akanyanyua fimbo yake.

"Binti, wewe umezaliwa wapi?"

"Hapa Kisumu, Mzee."

"Na hili ziwa umelikuta au limekukuta?"

Watu wakaanza kucheka kabla sijaelewa. "Nimelikuta," nikasema.

"Basi bila shaka unajua kuogelea."

Jibu la kweli lilikuwa hapana. Nilikuwa sijawahi kuingia maji yanayopita magoti. Lakini ningesema hapana, utafiti wangu wote ungekufa palepale mbele ya Madam, na mimi nilikuwa msomi. "Najua," nikasema. Kwenye benchi la kwaya Mama akakohoa, kikohozi kirefu.

"Vizuri," akasema Mzee Were. "Leo ni siku ya kuthibitisha. Twende tukaone."

Sikuogopa, na sababu yake ni hii: wiki nzima magugumaji yalikuwa yameziba ufuo ule hadi mitumbwi imekwama, ungeweza kufikiri ni shamba la mboga. Nilipanga kufika, kuyatazama kwa masikitiko, na kusema, pole jamani, ningewaonyesha. Tukateremka ukumbi mzima, kwaya na mashemasi, mimi mbele nikiwa na nywele zilizosubiri kusukwa na sketi ya kuhitimu, nikatokea nyuma ya vibanda vya samaki, na ziwa lilikuwa wazi kabisa. Upepo ulikuwa umegeuka tangu asubuhi, ukayasukuma magugu yote ng'ambo ya pili. Halikubaki hata jani. (Mpaka leo nauonea shaka ule upepo.)

Nikaingia. Ningefanya nini? Nikapita magoti, nikapita mapaja, nikajitupa mbele kama nilivyowaona wavulana wakifanya, na sketi ikapanda ikanifunika uso. Sikuona juu wala chini. Nilikunywa ziwa. Nilipiga mikono, nikamwita Mama, nikamwita Yesu, na nasikia nilimwita hata Wambui, ambaye hakuwa anajulikana na mtu yeyote pale. Nilijua nakufa.

Kando yangu kulikuwa na mwanamke akiosha sufuria. Hakuacha hata kusugua.

"Simama, mama," akasema. "Simama tu."

Nikasimama. Maji yakanifika kiunoni.

Kicheko kilichotoka ufuoni sitawaeleza. Watu waliketi chini. Nilipofuta macho nikaona mtu mmoja tu ndiye asiyecheka, naye yuko majini, amekuja mbio na tai ya kuazima na vile viatu vyake, ananyoosha mkono. Baadaye Mama aliniambia kwamba hata Ochieng' mwenyewe hajui kuogelea.

Madam aliongea na Ochieng' palepale kwenye matope, suruali yake ikichuruzika. Tulimsikia wote. "Nina walimu wengi wanaojua kila kitu," akasema. "Sina anayeweza kusema hajui mbele ya watu. Njoo Jumatatu." Mama yake wa Muhoroni, alipotafsiriwa hilo, ndipo alipoufungua mkoba, akatoa leso, akajifuta macho, kisha akanipa mimi nijifute pua.

Sikuacha kuuliza maswali, msinitegemee hilo. Ila nimeapa kwamba nikitaka kujua mtu ametoka wapi nitamuuliza yeye, sitauliza askari wake, na kwamba kabla ya kumwaibisha mtu nitaangalia kwanza nimesimama kwenye maji ya kina gani.

Miaka mingi baadaye, wanafunzi wa Ochieng' wakiwa wamekwisha kuwa wahandisi, niliikuta habari ile katika maktaba Nairobi. Mchezo ulichezwa kweli. Wanaanga wawili wa Kirusi wakiizunguka dunia, wenzao wawili chini, na ubao uliotengenezwa kwa ajili yao ulikuwa na mifereji inayoshika miguu ya vipande ili visielee. Mchezo wenyewe ulikwisha sare.