Vidonge vya Dirishani

Jua la asubuhi linaingia duka la dawa, na Mama Dirisha analishushia pazia. Zamani alilifungulia. Rafu ya dirishani ni tupu. Imebaki alama ya mviringo pale mtungi wa kioo ulipokuwa ukikaa.

Jina la Mama Dirisha alipewa na wateja. Muuzaji huyu alikuwa akivitoa vidonge vya mafuta ya samaki kwenye kopo lake jeusi, akivimwaga mtungini na kuviweka juani ving'ae kama dhahabu. Asiyeweza kununua kopo zima aliuziwa vichache, kwenye karatasi.

"Watu walisimama nje wakitazama," anasema, macho sakafuni. "Nikajiona fundi."

Kopo limeandikwa wazi: weka penye ubaridi, mbali na mwanga, funga vizuri. Aliwahi kumwomba mwenye duka nafasi kwenye friji. Friji lipo. Limejaa soda za mwenye duka na wageni wake.

"Dirisha ndilo linalouza," alijibiwa. Mnyonge auziwe mng'aro, mkubwa anywe baridi. Tusiyasahau hayo.

Nyumbani, mama mkwe wake, anayesumbuliwa na magoti, alimeza kila siku vidonge alivyoletewa naye. Akaanza kucheua harufu ya samaki aliyeoza. Wajukuu wakagombania kiti cha mbali naye. Mume akawa anafungua madirisha kimyakimya. Mama Dirisha akanunua mswaki mpya.

"Nilimwambia, 'Mama, usisahau na ulimi.' Mtu aliyeniogeshea watoto wangu." Anajifuta uso kwa mkono wa koti la kazi.

Bibi hakubisha. Alianza kula peke yake chumbani.

Kisha siku moja kidonge kikapasukia mkononi mwa Mama Dirisha akimfungia mteja. Harufu ilikuwa ile ile ya nyumbani. Akatafuna kingine kuhakikisha, akakitema.

Jioni alipiga magoti mlangoni kwa mama mkwe. "Mama, si kinywa chako. Ni vidonge vyangu."

"Nilijua. Vilinuka tangu kwenye karatasi."

"Sasa mbona uliendelea kuvimeza?"

"Umeniletea kwa mkono wako, mwanangu, nivirudishe vipi? Ungeona haya."

Akifika hapo, ananyoosha karatasi ambazo zimeshanyooka.

Mteja anachungulia. "Vile vya dhahabu viko wapi, mama?"

"Viliharibika. Nilikuuzia vibovu. Ulivyobakiwa navyo tupa, unisamehe."

"Hee. Nami nikamsingizia paka."

Mama Dirisha hacheki. Ndivyo anavyomwambia kila anayerudi.

Mwenye duka ameshapiga simu: akifika mchana aukute mtungi dirishani, la sivyo Mama Dirisha atafute dirisha lingine.

Hatafuti. Anafungua friji na kuanza kutoa soda za rafu ya chini, makopo meusi yapate pa kukaa, yakiwa yamefungwa. Soda anazipanga dirishani, kisha analipandisha pazia.

"Akija," anasema, "azikute ziking'aa."