Kamba za Moyo wa Mama

Sijawahi kumsamehe baba yangu mdogo, na sina mpango huo. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyejifanya msemaji wa kihamba chetu: nyumba, migomba, kahawa na mama yangu pamoja, kana kwamba vyote ni mali moja.

Kisha mama akaanza kukosa pumzi. Hata kupanda kutoka mferejini na ndoo kukamshinda. Nilikuwa nasomea uuguzi Moshi, nikampeleka hospitali. Daktari akasema zile kamba zinazoshika vali ya moyo zimelegea, arudi wiki inayofuata alazwe.

Neno kamba lilipomfikia baba mdogo, hakusikia jingine. "Amefungwa!" alitangaza. "Kamba zifike moyoni kwa mtu, na hakuna aliyemfunga?" Akaita ukoo, akachinja mbuzi nyuma ya nyumba ili mama afunguliwe.

Hasira zilinipanda. Niliuomba moyo wa mbuzi yule yule, nikaulaza kwenye jani la mgomba, nikaupasua upande wa kushoto mbele yao wote. Ndani hamna ulaini. Ukuta umejaa matuta ya nyama yaliyopishana kama mizizi, na kati yake vimesimama vinundu viwili vinene vya msuli. Kutoka kwenye vinundu hivyo zinapanda nyuzi nyeupe, ngumu, hadi kwenye vali.

"Kamba zenyewe ndizo hizi," nikasema. "Kila moyo unazo. Zikilegea, damu inarudi ilikotoka. Ndiyo maana mama anahema."

Baba mdogo akainama, akatazama, akapiga makofi. "Mmeona wenyewe! Zimemtoka, mbuzi amezibeba! Huyu amepona. Hospitali ya nini tena?"

Na wazee, Mungu ananiona, wakaitikia. Nilitamani kumtupia ule moyo usoni.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, mabega yakipanda na kushuka. "Shemeji," akasema kwa shida, "kama kamba zangu amezibeba mbuzi, mbona anayekosa pumzi bado ni mimi?"

"Huna imani."

Mama akanigeukia. "Mwanangu, niletee viatu."

Nikavileta. Akavaa kimoja, akapumzika.

"Ukishuka Moshi," baba mdogo akasema, "kihamba hiki hutakikanyaga tena."

Mama akavaa cha pili.