Pua ya Shemeji Fermín

Shemeji yangu Fermín Lucero alikuwa na pua. Ndivyo tulivyoamini sote tunaovua kwenye ziwa la bustani ya jiji, hapa Albuquerque, na mjinga wa kwanza nilikuwa mimi.

Kila Alhamisi ya majira ya baridi lori la samaki huja likamwaga trauti majini, na kufikia Jumamosi ukingo umejaa wastaafu na viti vyao vya kukunja. Trauti hao si samaki wa mtoni. Wamelelewa kwenye mabwawa ya saruji, wamelishwa vidonge tangu wakiwa wadogo kama ukucha, kwa hiyo siku mbili za kwanza humeza chochote chenye harufu ya mlo. Wakishazoea, wanaanza maringo. Leo watataka kitunguu saumu, kesho jibini, keshokutwa hawataki ila nyungunyungu, na wewe umekaa hapo baridi inakuingia magotini.

Fermín hakuwa mtu wa kukaa na baridi bure. Alikuwa akija na vikopo vinne vya kinyunya cha chambo, kila kimoja na kifuniko cha rangi yake. Anafungua kimoja, anakisogeza puani, anafumba macho. Sote tunamtazama. "Mmh," anasema. "Leo maji mazito. Leo wanataka anisi, kile kiungo kitamu." Basi anafinyanga kidonge kama punje ya njegere, anakivisha ndoano, anaacha chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, ilale chini na kidonge kielee juu ya matope kidogo tu. Kabla sijamaliza kahawa yangu ameshapata samaki wanne, ambao ndio mwisho tunaoruhusiwa, na anakunja kiti. Mzee Procopio, fundi wa mabasi aliyestaafu, ndiye aliyembandika jina la Pua. Fermín alilipenda hilo jina kuliko lile la ubatizo.

Nimemwomba chambo mara ngapi mimi! Ananipa kipande kwenye karatasi kama anatoa sadaka. "Shika, shemeji, usikimalize siku moja." Nami nikashukuru. Mungu anisamehe, nikashukuru!

Mkewe, Delfina, ni dada yangu mkubwa. Alipika shuleni miaka ishirini na sita, na ziwani hakuwa akija. Lakini Jumamosi ya pili ya Desemba Fermín alisahau chakula chake nyumbani, Delfina akamletea. Procopio, kwa adabu zake, akamuuliza, "Na wewe mama, huvui?"

Kabla dada yangu hajafungua mdomo, Fermín akacheka. "Nani, huyu? Huyu hajui kutofautisha chambo na tambi! Kazi yake kupasua matumbo ya samaki."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, nisijitie utakatifu. Delfina akaweka chakula juu ya kiti, akakaza kitambaa chake kichwani, akaenda zake.

Jioni ile akaja kwangu, akakaa mezani na koti lake mwilini.

"Orlinda, mkesha wa Krismasi nitakula kwako."

Nikadhani utani. Katika miaka arobaini na moja ya ndoa hawa watu hawajawahi kula mkesha mbalimbali. Hata mwaka ule Fermín alipofanyiwa upasuaji, Delfina alibeba sufuria ya posole, supu yetu ya mahindi ya mkesha, mpaka wodini.

"Kuna nini, dada?"

"Kile chambo nakikanda mimi."

Nikawaka. "Na mimi nakiomba kwake kama maskini mlangoni! Miaka yote hiyo! Mimi, mdogo wako wa tumbo moja!"

"Nilimwapia sitasema."

"Na unajuaje samaki wanataka nini, wewe usiyefika ziwani?"

"Nani anayewapasua?" akasema. "Tumbo halisemi uongo, Orlinda. Nikikuta konokono wadogo, najua wameshaanza kula chini, basi kinyunya cha nyungunyungu. Nikikuta tumbo tupu, wana njaa lakini wanaogopa, basi anisi kidogo. Asubuhi namwambia tu, baba, leo kifuniko chekundu. Kazi imekwisha."

"Na kule kunusa kwake? Kufumba macho kote kule?"

Delfina akatazama mikono yake. "Hilo atalisema mwenyewe. Nimempa mpaka Jumamosi. Awaambie watu chambo ni cha nani, pale pale aliponichekea. Asipowaambia, nakuja kwako, na sijui kama nitarudi. Unajua kanijibu nini? Eti nataka kumwaibisha mbele za watu. Yeye! Aibu yake inamuuma, yangu kaifanya chakula cha mchana."

Wiki nzima ile walikaa nyumba moja bila kusemeshana. Fermín alipita kwangu mara mbili, akauliza habari za bomba langu la maji, ambalo lilikuwa zima kabisa. Nilimwacha ahangaike. Alikuwa anataka nimwombee msamaha, nami kwa hasira niliyokuwa nayo hata maji ya kunywa sikumpa.

Jumamosi ikafika. Fermín akaja na vikopo vinne kama kawaida, ila vifuniko vyote vilikuwa vyeupe. Baadaye nilisikia kwamba alfajiri alimuuliza mkewe kipi ni kipi, naye akamjibu, "Si una pua? Nusa."

Procopio akasugua viganja. "Haya, Pua, tuambie. Tangu asubuhi hawagusi kitu."

Fermín akavitazama vile vikopo muda mrefu. Akachagua kimoja, akakifungua, akakisogeza puani, akafumba macho.

"Anisi," akasema. "Na jibini kwa mbali."

Lo! Harufu ilikuwa imeshatufikia. Marashi ya waridi! Yale yale ambayo Delfina hujipaka kwenda misa, ambayo parokia nzima inayajua, maana akipita mlangoni hata aliyeinamisha kichwa anajua nani kaingia.

"Bwana," akasema Procopio polepole, "una mafua?"

"Mafua ya nini? Mimi mzima."

"Shemeji," nikasema, "nusa tena."

"Nimeshasema ni anisi, mwanamke!"

"Ni marashi ya mke wako, Fermín."

Akanitazama. Akakiinua tena kile kikopo, akavuta pumzi mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka kinyunya kikamgusa mdomo. Nilikuwa nimejiandaa kucheka wiki nzima, na kicheko kikagoma. Huyu mtu hakuwa akisikia harufu yoyote.

"Na yule ng'ambo," Procopio akauliza, "si ndiye mkeo?"

Ndiye. Delfina alikuwa amekaa upande wa pili wa maji na ufito wa kuvulia wa zamani wa Fermín, samaki watatu ndooni. Tulivyokuwa tukitazama akavuta wa nne, bila haraka, kama anayetoa nguo kwenye kamba.

Nilimwona shemeji yangu akifikiri. Angeweza kusema mkewe kamharibia vikopo, na wapo ambao wangemwamini. Akavifunika vyote vinne, akaanza kuzunguka ziwa. Nasi nyuma yake, nani angebaki?

Alipomfikia akavua kofia. "Jamani," akasema. "Pua yangu ilikufa kule nilikofanya kazi, karakana ya kupaka magari rangi. Mwaka wa kumi na tisa huu sisikii harufu. Chambo ni cha Delfina. Kila samaki mliyeniona naye ni wa Delfina. Mimi nilikuwa mchukuzi."

"Sema kwa nguvu," Delfina akasema bila kugeuka. "Procopio ana sikio moja."

"Nimesikia, mama!" Procopio akasema. "Nimesikia yote!"

Watu wakacheka, lakini kicheko cha upole. Wengine wakaanza kumuuliza Delfina anajuaje samaki wanataka nini. Aliwajibu mmoja mmoja, hakuficha kitu. Wakatawanyika kurudi kwenye mishipi yao, tukabaki watatu, mimi nikijifanya natafuta kitu kwenye kapu.

Delfina akafungua kikopo chake mwenyewe, akakipeleka puani kwa mumewe. "Nini hii?"

Safari hii hakufumba macho. "Sijui," akasema. Halafu akauliza jambo ambalo dada yangu anasema hakuwahi kuliuliza kwa miaka yote kumi na tisa. "Inanukiaje?"

Delfina akafikiri kidogo. "Kama biskuti zangu za Krismasi. Zile ambazo kila mwaka unaingia jikoni unaniambia zinanukia vizuri."

Fermín akalia. Mzee wa miaka sabini na moja, kofia mkononi. "Nilikuwa nakudanganya, Delfina."

"Najua," akasema dada yangu. "Kila mwaka nilijua. Shika ndoo, twende nyumbani."