Mwani Uliokataa Kuliwa

Saa moja asubuhi, Tuulikki Hakkarainen ameinamia hadubini, kahawa inampoa pembeni. Ghafla anapaza sauti.

"Arvo! Njoo uone! Umeshikana tena!"

Arvo, mwenzake wa kazi, anakuja akiburuta mabuti ya mpira. "Kelele zote hizi kwa ajili ya mwani, dada?"

"Acha ujuaji. Chungulia!"

Arvo anachungulia. "Duh! Na miiba umeota!"

Tuulikki hukuza mwani wa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, katika kituo cha kutotolea samaki kando ya ziwa, mashariki mwa Finland. Mwani huo huliwa na viroboto-maji, viumbe wadogo kama punje ya mchanga. Hao nao huliwa na vifaranga vya siika, samaki anayependwa sana huku.

Mwaka jana, barafu ilipoanza kuyeyuka, mambo yaliharibika. Maji yalikuwa ya kijani, chakula tele, lakini viroboto-maji walikufa njaa. Vifaranga vikaanza kuelea, matumbo juu.

"Nililia," anasema. "Nawachota waliokufa, halafu huyu Arvo ananiuliza kama nimewalisha rangi! Nusura nimrushie ndoo."

Mkuu wa kituo alitoa kauli: hali isipobadilika kufikia Jumatatu, matangi yote yatamwagwa. Ziwa lingekosa siika wapya mwaka ule.

Tuulikki akaweka tone la mwani chini ya hadubini. Chembe ambazo kwa kawaida huishi mojamoja zilikuwa zimegandana nne nne, nane nane, zikiwa na miiba pembeni. Kiroboto-maji asingeweza kuzimeza.

"Mwani huu hushikana hivyo unapoogopa kuliwa. Nikajiuliza, nani kautisha?"

Ndipo alipokumbuka. Ili kuokoa maji ya uvuguvugu, alikuwa akiyarudisha maji ya viroboto-maji kwenye matangi ya mwani. Mwani ulikuwa ukinusa adui!

Alijaza chupa mbili, moja maji ya viroboto-maji yaliyochujwa, nyingine maji safi ya ziwa, akatia mwani katika zote. Kwenye maji ya viroboto-maji chembe zilishikana; kwenye maji safi zilibaki mojamoja.

"Nilikimbilia kwa mkuu nikiwa na soksi tu miguuni!" anacheka.

Mwani mpya ulikuzwa kwa maji safi. Viroboto-maji wakashiba, vifaranga vilivyosalia vikanenepa, na kiangazi kilipoingia vikafunguliwa ziwani.

Siku hizi Tuulikki huutisha mwani makusudi, kwenye chupa ya dirishani, kwa raha ya kuutazama ukijihami. Kiangazi hiki anapanga kuipeleka hadubini kwenye gati la ziwa, kila mtu achungulie.

"Wa kwanza ni mama yangu," anasema. "Miaka yote anauita uchafu. Safari hii atauomba radhi."