Msusi wa Ruiru aliyeokolewa na kichwa nusu

Saa mbili asubuhi, Jackie Ajwang anafungua mlango wa mabati wa kibanda chake mtaani Kiuu, Ruiru, anatundika nywele za rasta ukutani na kumkalisha mteja wa kwanza. Ni Kaluki, msichana wa miaka ishirini na mmoja kutoka Theta. Anataka rasta ndogondogo zitakazokaa miezi miwili.

"Ni za nini, mrembo?"

"Harusi."

Jackie anatabasamu, lakini vidole vinapunguza mwendo. Uongo huo anaujua. Aliusema yeye mwenyewe miaka mitatu iliyopita, akiwa kwenye kiti kama hicho.

Wakati huo alikuwa ameachishwa kazi ya kushona katika kiwanda cha nguo. Mwenzake wa kikundi cha akina mama kanisani, ambaye hapa tutamwita Shiko, akamletea habari tamu: kazi ya hoteli ng'ambo, mshahara shilingi elfu sabini, nauli juu yao. Shiko hakuwa mgeni. Mwana wa Jackie alipougua, ndiye aliyekesha naye.

"Watu hudhani anayekuja kukuuza ana sura mbaya," Jackie anasema. "Mimi alinijia na maziwa na mkate."

Shiko aliomba machache tu. Pasipoti akae nayo yeye. Jackie apigwe picha amesimama, amevaa nguo fupi, eti hoteli inataka watu nadhifu. Na asimwambie mtu yeyote.

Hilo la mwisho ndilo lililomnasa. Katika mitaa hii, mtu akipata bahati ya safari hunyamaza mpaka apande ndege, maana anaogopa wivu. Kanisani kwao msafiri huombewa, na akina mama hawafumbi macho kabla ya kuuliza atapokewa na nani huko. Jackie hakuombewa. Hata mamake, kule Siaya, hakujua.

Siku ya safari, Shiko akampeleka Thika kwa msusi anayeitwa Warigia, akamlipia nywele na kuondoka. Ndege ilikuwa jioni.

Warigia ni mama wa miaka hamsini na ushee, na mdomo wake haupumziki. Aliuliza, akachokora, akaambiwa ni harusi. Akasuka upande wa kushoto ukaisha. Kisha akaweka kitana mezani na kuagiza chai.

"Auntie, nitachelewa!"

"Haiya! Wewe ni wa tatu huyo mama ananiletea, na nyote mnaenda harusi. Sikumalizii mpaka usikie hii. Ukitaka, nenda na hiyo nusu."

Jackie alilia kwa hasira. Angetokaje barabarani upande mmoja umesukwa, mwingine umesimama wima? Akabaki.

Warigia akatoa simu na kumchezea ujumbe wa sauti alioupokea jana yake. Ulitoka kwa Kui, msichana wa kwanza aliyeletwa na Shiko. Aliona aibu kumwambia mamake, akamtumia msusi wake kwa simu ya kuazima. Alikuwa akinong'ona. Hakukuwa na hoteli. Kulikuwa na nyumba inayofungwa kwa nje, na wanaume wanaoletwa.

"Mwisho akasema, 'Auntie, akikuletea mwingine, mwambie asikuje. Aki asikuje,'" Jackie anasimulia, na mikono yake inasimama kabisa.

Wakaenda polisi moja kwa moja, Jackie amefunga kitambaa kichwani. Shiko alipiga simu mara nyingi. Warigia alikuwa akimjibu, ameketi kwenye benchi la kituo: "Bado nasuka, mum. Nywele yake ni ngumu."

Sasa Jackie anacheka hadi machozi yanamtoka. Kesi ya Shiko iko mahakamani, na Kui alirudishwa nyumbani baada ya miezi saba. Msichana wa pili hajapatikana. Huyo wanamwombea kwa jina kanisani kila Jumapili.

"Namshukuru Mungu, halafu namshukuru huyo mama na kiburi chake," anasema. "Angekuwa na adabu kidogo tu, angenimalizia nywele."

Ni Warigia aliyemfundisha kusuka. Siku nzuri Jackie hupata kama shilingi elfu moja, na mwanawe anasoma. Kui naye anajifunza Thika, kwa mama huyohuyo. Jackie anapanga kununua kiti cha pili mwaka huu, na tayari amempimia Kui nafasi karibu na dirisha.

Upande wa kushoto wa Kaluki umekwisha. Jackie anaweka kitana mezani.

"Kaluki, huko unakoenda, nani anakupokea?"

Msichana anajitazama kwenye kioo, anatazama ile nusu ambayo haijasukwa.

"Aliniambia nisiseme."

"Najua," Jackie anamwambia kwa upole. "Na mimi niliambiwa."

Kaluki anatoa simu mfukoni, anabonyeza na kusubiri.

"Mum, ni mimi," anasema. "Kuna kitu sijakuambia."

Jackie anafuta macho kwa mkono wa koti lake la kazi, anashika kitana na kuanza upande wa kulia.