Koti la Studio kwenye Meza ya Beji

Siku ya kwanza kazini nilipewa kiti, muhuri na onyo. Mkuu wa Vibali vya Habari, mama mrefu aliyetembea kama anakagua gwaride, aliniambia: "Mwalimu, hapa kila mwandishi ni mwongo mpaka karatasi zake zimtetee." Nilikuwa nimetoka shule ya jioni ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, cheti changu cha Kiingereza wino haujakauka, na kanisa lilinipendekeza kwa ofisi hii ya serikali ya Malawi, Lilongwe, kwa sababu ya Kifaransa changu cha Bukavu, Kongo. Hawakuniuliza kwangu ni wapi. Nami sikuwasaidia kuuliza.

Ninyi vijana mnaoomba beji kwa simu hamjui tulivyohangaika. Mwandishi alileta barua ya mhariri wake, nakala ya kitambulisho na picha mbili za pasipoti. Sisi tulifanya uhakiki, yaani kumpigia mhariri na kumuuliza kama kweli anamfahamu mtu huyo. Ndipo jina likaingia kwenye orodha ya lango, ile wanayoshika walinzi. Kama jina lako halimo, hata ubebe kamera kubwa kama mbuzi, unabaki nje.

Nilianzia meza ya fomu, nikapanda meza ya picha. Nilitazama nyuso mpaka nikaweza kumtambua mtu kwa sikio moja. Mke wangu anasema ni masikio mawili, haya. Na niliwashuku wote! Bwana mmoja nilimrudisha mara tatu kwa kuwa mezani alitabasamu na pichani amenuna.

Mwaka wa nne ukaja mkutano mkubwa wa kimataifa juu ya wakimbizi. Foleni ya waandishi nasema ilifika mtaa wa Old Town. Siku moja kabla ya ufunguzi, Mkuu wa Usalama alikuja mezani kwetu. Alikuwa mzee mnene mwenye sauti ya upole, na upole huo ndio uliotutisha. Akapanga picha tatu kama karata.

"Watu watatu, koti moja. Tai moja. Kifungo cha juu hakipo kwa wote. Kuna mtu ameketi mahali anatengeneza waandishi."

Wale watatu walikuwa wa redio ya kambi ya Dzaleka. Mmoja alikuwa Mama Furaha, fundi cherehani asubuhi, mtangazaji alasiri; ndani ya lile koti alionekana kama amevaa mlango. Alikuwa ameketi nje kwenye ngazi na wenzake wawili. Wakikosa beji siku ile, mkutano juu ya wakimbizi ungefunguliwa bila mkimbizi hata mmoja mwenye kinasa sauti. Nikatumwa nimhoji, Mkuu wa Usalama nyuma yangu.

"Mama, hili koti ni la nani?"

"Papa, unauliza kama haujui? Njo koti ya Papa Abedi wa studio ya picha. Picha ya dokima bila koti ni picha ya nini? Ya kutumia bachumba?"

Wenzake wakacheka. Mkuu wa Usalama hakucheka. "Amesema nini?"

"Ni koti la studio, Bwana Mkubwa."

"Na mimi ni mtoto wa mfalme. Futa majina."

Nilijua mama anasema kweli. Kwetu, kupiga picha ya hati bila koti ni aibu, na Papa Abedi, mpiga picha wetu kutoka Kindu, ana koti moja tu la kuwavisha wateja. Amelipasua mgongoni toka juu hadi chini, analibana kwa vibanio vya nguo ili limwenee mnene na mwembamba. Nusu ya kambi imepita ndani yake.

Tuliporudi ndani, kalamu ya Mkuu wa Vibali ilikuwa inashuka kwenye orodha. Nikatoa kitambulisho changu cha shule ya jioni, ambacho mle ofisini hakikuwahi kutoka mfukoni, nikakiweka kando ya zile picha. Mtu wa nne. Koti lile lile, kifungo hakipo.

"Mwalimu," alisema Mkuu wa Vibali polepole, "si unakaa hapa mjini, Area 18?"

"Nimepanga chumba tu, Madam. Kwangu ni Dzaleka."

"Basi genge ni la watu wanne," akasema Mkuu wa Usalama.

"Ni la kambi nzima, Bwana Mkubwa. Mpigie mkuu wa shule. Usimtajie mtu, muulize juu ya koti tu."

Akapiga. Tulisikia kicheko mpaka upande wetu wa meza. Akakata simu, akapangusa paji la uso. "Anasema hata yeye amelivaa."

Beji tatu zilitoka saa kumi na moja jioni. Yangu ikavuliwa shingoni. "Umenificha miaka minne, ukasema kweli dakika moja," alisema Mkuu wa Vibali. "Sijui nihesabu kipi."

Kesho yake nilisimama nje ya uzio wa mkutano. Mchana Mama Furaha akatoka, beji ikining'inia.

"Nimeuliza swali, Papa! Minisitri anasema atajibu kesho."

"Asipojibu?"

"Mi nitakaa kiti cha mbele. Ataniona tu."

Sikurudishwa kazini. Nilifundisha Kiingereza kambini mpaka macho yakagoma, na bado nashuku watu, hasa wanaotabasamu. Ila siku hizi nikishuku, nauliza kwanza wanaishije huko walikotoka. Baada ya mkutano ule fomu ilibadilishwa, ikaongezwa mstari mmoja: mwombaji apigwe picha kwa nguo zake mwenyewe. Kazi yangu yote serikalini imebakiza mstari huo, hauna jina langu, na Papa Abedi, aliyepoteza wateja, hanisalimii mpaka leo.